Aliyezomea Hushika Ngoma

Keji, ya biti, binti yangu,

Usicheke mwandiko. Darasa la nne la misheni kule Rejaf ndilo lililonifikisha hapa, na hata hilo sikulimaliza, maana padri alinifukuza kwa kubadilisha maneno ya wimbo wa kanisa. Nilikuwa nimemwingiza yeye na mbuzi wake katika ubeti wa pili. Ukiona kosa humu, endelea tu kusoma, halafu mwishoni uipe barua alama zake juu ya kumi. Najua utaipa. Hujawahi kumaliza kitu bila kukipa alama, hata uji.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho kilichobaki kati yetu. Kibari chako ni cha kuombea chumvi. Kiarabu cha Juba unakisikia sokoni lakini ukikijibu wauza nyanya wanakuonea huruma. Kiingereza chako nacho kimeniacha kituoni nikipunga mkono. Kiswahili cha Kitale ndicho tulichogombania tangu ulipoota meno, basi tugombane nacho tena kabla hujaondoka.

Habari za kula vizuri na kufunga mlango sitakuandikia. Shangazi yako wa Nairobi ana mdomo wa kutosha kwa hayo, na wewe una masikio ya kutosha ya kutomsikia. Mimi nataka tuongee juu ya Modi.

Kesho alfajiri Modi atakuja na pikipiki yake kukupeleka kwenye basi. Amekataa nikutafutie mtu mwingine. "Mzee, Keji ni dada yangu, mimi ndiye nitabeba yeye." Atakufungia begi nyuma, atakupangusia kiti na kitambaa chake, na njia nzima atakusimulia habari za mashimo ya barabara kana kwamba ni jamaa zake. Hajui kwamba wewe ndiye uliyeua muziki wake. Wewe unajua. Na mimi pia najua, jambo ambalo hukulijua mpaka sentensi hii.

Pumua kwanza. Kunywa maji.

Sasa sikiliza. Wewe unaitwa Nairobi kwa sababu ya kuandika juu ya muziki kwenye mtandao. Wamesoma maneno yako, wakayapenda, wakakupa kiti na meza. Mimi nimefurahi? Nimefurahi kama mtu aliyefuga paka akala kuku wake mwenyewe: paka ana afya, hilo siwezi kukana. Unaandika kwa jina la Sikio Kuukuu. Sikio la nani kuukuu, Keji? Una miaka ishirini na miwili. Sikio lako bado lina nta ya utotoni. Sikio kuukuu katika nyumba hii ni moja tu, na liko kichwani mwangu, upande wa kushoto, ule mwingine haufanyi kazi tena.

Wacha nikukumbushe mambo yalivyokuwa, maana waandishi mna tabia ya kukumbuka alama na kusahau siku yenyewe.

Tuliporudi kutoka Kenya baada ya mkataba wa amani, nilikuwa nimekuahidi muziki. Ulinuna njia nzima kutoka Lokichoggio, nami nikakudanganya kwamba Juba watu wanapiga gita mpaka kuku hawalali. Tulifika tukakuta nini? Vumbi, mahema, magari meupe ya misaada, na kila kibanda kimeweka nyimbo za Kampala na Nairobi kwa sauti ya kupasua ukuta. Nyimbo zile zile ulizochoka nazo kule Kitale. Uliniangalia kwa yale macho ya mama yako. Nilijiona kama mtu aliyeita wageni kwenye karamu kabla ya kuuliza kama kuna mbuzi.

Halafu akatokea Modi, na hosh yetu, huu ua wetu, ikapata bendi.

Wale hawakuwa na kampuni, hawakuwa na meneja, hawakuwa na hata kiti. Modi alikuwa ametoka kambini Uganda na jerikeni moja la manjano alilolikata makalio ili litoe sauti, akalipiga kwa soli ya ndala. Binamu yake mmoja alikuwa na rababa, zeze la kwetu, mwingine gita lenye kamba tano, na moja ya hizo ni waya wa breki ya baiskeli. Walikaa hapa uani, kwenye hosh, kwa hiyo wakajiita Bendi ya Hosh. Ulisema jina hilo ni baya. Mimi nilisema ni baya lakini ni la kweli.

Wakarekodi humu humu, kompyuta ya kuazima, godoro langu limetundikwa ukutani nami nikalala kwenye mkeka kwa ajili ya sanaa. Na upande wa pili wa ua, jenereta ya Mama Akello, yule Mganda anayechaji simu na kunyoa vichwa, ilikuwa inanguruma kama kawaida yake.

Hapa ndipo mimi na wewe tunapoachana njia. Wewe ulisikia kelele. Mimi niliona Modi akiisikiliza ile jenereta kabla ya kuanza kila wimbo. Anainamisha kichwa, anangoja, halafu anapiga jerikeni mle mle ndani ya mngurumo, kama mtu anayerukia lori linalokwenda. Jenereta ya Mama Akello ina tabia: mafuta yakipungua inakohoa, inapunguza mwendo. Na bendi ilipunguza nayo! Wimbo wa mwisho, ule wa mama anayesubiri mashua kutoka mji wa Bor, unazidi kuwa mzito na mzito mpaka jenereta inazima, na anabaki Modi peke yake na neno moja. Nani aliutunga mwisho ule? Mama Akello aliyesahau kununua mafuta. Nilipomwambia alipiga makofi: "Kumbe na mimi iko msanii! Basi ndugu zangu wa bendi sasa wanyolewe bure!"

Nimesikiliza muziki miaka hamsini, Keji, katika nchi mbili na kambi tatu, na sijawahi kusikia mji umeingia ndani ya wimbo namna ile. Kila mtu wa Juba anaishi ndani ya mngurumo ule. Tunalala nao, tunazaliana nao. Bendi ya Hosh ndio watu wa kwanza kuufanya mpiga besi.

Nilikuwa shabiki. Shabiki mbaya, wa kuudhi, yule anayewaambia watu, "Hamuwajui Hosh? Poleni." Nikawa napeleka sahani zao za CD mpaka soko la Jebel, na muuzaji wa mkaa akisema anapenda, napungukiwa raha kidogo, kwa sababu nilitaka wawe wangu. Nakwambia hili ili ujue sijifanyi mtakatifu. Na ninyi wa mtandaoni mna ugonjwa huo huo, nimeusikia kwako: bendi ikiwa na wasikilizaji tisa ni ya dhahabu, ikipata wa kumi imeoza.

Sasa ile siku ya karatasi.

Wewe ulikuwa umekaa pale kwenye kinu kilichopinduliwa, unasuka nywele zako mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya turubai naosha miguu, hamkuniona. Modi akaingia mbio na karatasi aliyochapishiwa kwenye kibanda cha intaneti.

"Sista Keji, wewe iko na Kiingereza. Nisomee hii. Naona jina ya bendi yetu hapo juu."

Ukaichukua. Ukakaa kimya muda wa mtu anayetafuta mlango wa nyuma.

"Inasema mmejitahidi."

"Hapana, usinipe sukari. Soma yote. Mtu ya mbali amekaa chini akasikiliza sisi. Mimi nataka yote."

Basi ukasoma. Ukamtafsiria maneno yako mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kliniki.

"Anasema mlio wa jenereta umeharibu kila wimbo."

"Kweli, jenereta iko ndani."

"Anasema gita halina sauti ya gita."

"Kweli! Ile moja ni waya ya breki."

"Anasema wimbo wa tatu unakokota miguu, na mwimbaji anaimba kama mtu anayetafuta kiatu chake gizani."

Modi akacheka mpaka akashika magoti. Alicheka kwa moyo safi kabisa, kama vile ametajwa mtu mwingine. Mimi nyuma ya turubai mguu ulibaki ndani ya beseni, sikuweza kuutoa. Kwa sababu kile kiatu, Keji, ni changu, na papo hapo nikajua nani aliyeandika.

"Na hii namba hapa chini?"

"Tatu juu ya kumi."

"Tatu! Si sifuri." Akaikunja karatasi taratibu. "Huyu mtu iko na masikio. Amesikia mpaka waya. Iko wapi huyu, Amerika?"

"Sijui. Labda."

"Basi andikia yeye. Mwambie asante sana, sisi tutarekebisha."

Na wewe ukasema sawa. Sijui kama uliandika. Kama uliandika, ulimtumia nani, ukajibiwa na nani? Wiki nzima nilikungoja uje uniambie. Ulikuja ukaniuliza kama kuna sabuni.

Sasa ngoja nikuambie kwa nini sikukuvuta sikio siku ile ile. Ni kwa sababu ya kiatu. Ulikuwa na miaka saba, kule Kitale, Jumamosi. Mama yako alikuwa anapika maharage na kuimba, anajizoeza wimbo wa kwaya. Sauti yake haikuwa nzuri, tusidanganyane juu ya marehemu. Ilikuwa inaondoka mahali pamoja inafika pengine, na katikati hujui ilipitia wapi. Nikapaza sauti majirani wasikie: "Mama Keji, unaimba kama mtu anayetafuta kiatu chake gizani!" Majirani wakaangua kicheko. Wewe ulikuwa unakunywa chai ya maziwa, ikakutoka puani. Hata yeye alicheka. Nikajiona bingwa.

Hakuimba tena nikiwa nyumbani. Hakununa, hakusema kitu, kwaya aliendelea kwenda. Lakini nikiwa njiani kutoka kazini namsikia kwa mbali, nikigusa mlango, kimya. Miaka kumi nagusa mlango, kimya. Mpaka tunamzika. Pale kaburini kwaya yake iliimba, na mwenzake mmoja akaniambia, "Sauti yake ilikuwa ndiyo inatushika sisi wa nyuma." Yule mama hakuwa na nia ya kunichoma. Alidhani ninajua.

Wewe ulikuwepo. Unayakumbuka yote hayo. Lakini wewe ulichoweka moyoni ni kile kicheko, maana mtoto hufuata penye kicheko. Kwa hiyo nilipokusikia unamsomea Modi maneno yale, sikuwa na mkono wa kukupiga nao. Matusi ya baba yamerithiwa. Wengine huwarithisha watoto ng'ombe.

Kilichofuata unakijua, ila hukukiona kwa karibu kama mimi, wewe ulikuwa kibandani na kompyuta.

Modi alirekebisha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: alikusikiliza. Angekutukana ningemwelewa. Alipanda basi akaenda Kampala, akawaacha binamu zake hapa kwa sababu mtu wa studio alisema vyombo vyao havina haja. Akarudi na sahani inang'aa, jalada lina picha yake amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Tukaiweka. Jenereta hakuna. Waya wa breki hakuna. Jerikeni lake limekuwa kidude cha kompyuta kinachogonga tik, tik, tik, hakichoki, hakikohoi, hakiishiwi mafuta. Ule wimbo wa mashua ya Bor umewekewa mwisho wa kurudiarudia mpaka unafifia, kama mtu anayeaga huku hataki kuondoka. Mama Akello alisikiliza kupitia ua, akaniuliza, "Mzee, na mimi nimetolewa?" Nikamwambia umetolewa, mama.

Redio wakaupiga. Asubuhi, mchana, jioni. Watoto wakauimba. Nusu ya hasira yangu, nimekwisha kukiri, ilikuwa wivu wa shabiki. Lakini nusu nyingine ilikuwa haki. Nilimtazama Modi anavyosikiliza wimbo wake redioni: anainamisha kichwa kama zamani, anangoja, halafu hakuna kitu cha kurukia.

Halafu Sikio Kuukuu akaandika tena.

Safari hii Modi alikuletea karatasi ukamwambia mtandao umekufa, kana kwamba karatasi inahitaji mtandao. Akaenda kusomewa na kijana wa pale kibandani. Uliipa mbili. Tatu ilipungua ikawa mbili! Ulisema amefanana na wengine wote. Ulisema, na hapa nilimwomba yule kijana anisomee mara mbili nisije nikakusingizia, kwamba "bendi hii imepoteza hata ule mngurumo uliokuwa roho yake."

Ya biti. Ya biti Keji. Uliusikia. Mara ya kwanza kabisa uliusikia mngurumo ukajua ni roho, ndiyo maana ulikaa kimya na karatasi. Lakini kule mnakoandikia hakuna mtu angekuheshimu kwa kusifu jenereta ya kinyozi, kwa hiyo ukaitemea. Ilipoondoka ndipo ukaililia, maana kulilia kitu kilichokwisha kunaonekana kuna elimu ndani yake. Usiniambie sivyo. Mimi ndiye niliyelilia sauti ya mama yako baada ya kuizima.

Kwa haki nitakuambia hivi: juu ya sahani ya pili ulikuwa sawa. Wewe uliipa mbili, mimi ningeipa moja, na hiyo moja ni ya miwani. Sikuombi usifie takataka. Ukija kusifia takataka kwa kuogopa watu nitakukana hadharani. Wimbo wa tatu wa sahani ya kwanza ulikuwa unakokota miguu kweli, walikuwa wamekunywa, niliwapa mimi. Ulimi unao. Masikio unayo. Wenzako wengi wa mtandaoni wana ulimi peke yake.

Siku aliyosomewa ile mbili, Modi alikuja hapa akasimama mlangoni na jerikeni.

"Mzee, wekea mimi hii."

"Nikuwekee mpaka lini?"

"Tumia tu. Chotea maji."

"Modi, halina makalio hili. Litachota nini?"

"Basi," akasema, "kumbe haifai kitu."

Akacheka kile kicheko chake, ila hakushika magoti. Wiki iliyofuata alikuwa na pikipiki. Amekuwa dereva mzuri, wateja wanampenda. Hapigi hata honi.

Sasa nikupe kitu kimoja cha kwetu, kwa sababu Nairobi hawatakupa.

Nilipokuwa kijana, kabla ya vita kututawanya, tulikuwa tunakwenda mtaa wa Malakia, hapa Juba, kwa mama mmoja mpika pombe tukimwita Habuba, yaani bibi. Kila Jumamosi watu wanaimba, kila mtu na wimbo wake mpya, hakuna kampuni, hakuna tiketi. Unapenda, unacheza. Hupendi, unazomea, ruhusa. Lakini Habuba alikuwa na sheria moja: aliyezomea hushika ngoma. Unasimama mbele ya yule yule uliyemzomea, unapewa ngoma, na unampigia wimbo unaofuata mpaka mwisho, watu wote wanakutazama mikono. Hukuambiwa uombe radhi. Hukuambiwa ubadilishe maoni. Ushike ngoma tu.

Mimi nilizomea sana, kwa hiyo nilipiga sana. Mara ya kwanza nilimzomea mtu mmoja mfupi, fundi wa baiskeli, nikapewa ngoma, na katikati ya wimbo wake nikapotea. Mikono ikawa ya mtu mwingine. Akanigeukia bila kuacha kuimba, akanipigia mdundo kwa mguu wake, pole pole, mpaka nikarudi. Hakuna aliyeona ila yeye na mimi. Wimbo wake ulibaki mbaya. Nilitoka pale bado nausema ni mbaya. Lakini tangu siku ile, nikiuita mbaya, nilikuwa namwona mguu wake.

Kule uhamishoni hapakuwa na Habuba. Nilizomea kwaya, nilizomea bendi za harusi, nilimzomea mama yako, na hakuna aliyenipa ngoma. Ndipo ulimi wangu ulinenepa. Ukaulea wewe, ukaufikisha mahali ambapo mtu anazomewa na sikio lisilo na uso, kutoka popote, na watu wa Australia na Kanada, watoto wetu wa ughaibuni ambao hawajawahi hata kunusa mafuta ya Mama Akello, wanaongezea chini, "kweli kabisa", "takataka", "hawa warudi shamba". Nani kati yao amewahi kushika ngoma? Wewe umewahi? Ulikuwa mita tano kutoka kwenye jerikeni miezi yote ile, hukuligusa hata kulisogeza.

Sikuzuii kwenda. Hapa kura ya kujitenga inakuja, kila mtu anazungumza nchi mpya, bendera mpya, wimbo mpya wa taifa. Wimbo huo nao utarekodiwa na jenereta iko nje ya dirisha, na mtu ataitoa. Nenda. Kenya ilikuwa yako kabla Juba haijawa yako, na mimi ndiye niliyekuburuta huku kwa ahadi ya gita. Kama nimekosa kukurudisha, nimekosa. Lakini muziki nilikuahidi, na muziki ulikuja mpaka uani kwako. Hilo usininyang'anye.

Nilifikiri nimwambie Modi mwenyewe. Juzi alipita, akakaa hapa tukanywa chai, akaniuliza, "Mzee, kule Nairobi anakwenda Keji, si ndiko wanaandika habari ya muziki? Akiona yule mtu ya Sikio, amsalimie." Chai ilinipalia. Nilikuwa na jina lako kwenye ncha ya meno. Nikalimeza. Nimewasemea watu maishani vya kutosha, hili si langu kulisema. Tena, kusema ukweli wa mzee mchokozi, sikutaka kukupunguzia kazi.

Kwa hiyo nimefanya jambo dogo. Wakati umelala nimelichukua lile jerikeni nikalifunga juu ya begi lako kwa kamba ya mkonge. Usijaribu kulifungua haraka haraka, nimefunga fundo la wavuvi wa Rejaf, lile ambalo likilowa linakaza, na nimelilowesha.

Modi atakuja kukiwa bado na kiza. Atashuka, atakusalimu, atainua begi. Atalijua jerikeni lake hata kwa kugusa. Atakuuliza, "Sista Keji, hii inakwenda wapi?"

Mimi nitakuwa nyuma ya turubai, naosha miguu.

Baba yako